Uvimbe wa taya hautibiwi kwa "kuongeza kinga"

Mhariri,

Matangazo ya dawa za "kuongeza kinga" zinazodaiwa kuponya saratani yamezagaa redioni na kwenye simu. Ukiyasikiliza utadhani kinga ni maji ya pipa: yakipungua, unajaza. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini hesabu hiyo haiendi, kwa mfano wa saratani inayojulikana sana kwetu kanda ya ziwa.

Saratani ya Burkitt, ambayo huweza kujitokeza kama uvimbe wa taya, na iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa Kampala, huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Ni saratani ya seli B, yaani askari wa kinga yenyewe. Tena mkasa huanza kinga inapochokozwa kupita kiasi. Malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, seli B hugawanyika kwa wingi, na katika kukata na kuunga jeni ili zitengeneze kingamwili, hukosea. Jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli igawanyike, iliyo kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 8, huhamia mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, na huko haizimiki. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kwa nini kinga haiuoni? Kwa kawaida kila seli hutandaza nje vipande vya protini zilizomo ndani yake, kama mchuuzi anavyopanga mafungu ya nyanya. Seli T, askari wengine wa kinga, hupita zikikagua, na zikikuta kipande cha virusi huitoboa seli hiyo na kuiua. Ndivyo virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu watu wazima wote tunavyo, vinavyowekewa mipaka maisha yote. Uvimbe wa Burkitt wa kwetu mara nyingi umebeba virusi hivyohivyo, ila protini zake zinazotambulika kirahisi zimezimwa. Hubaki hasa moja, EBNA1, nayo ina mkufu mrefu wa glisini na alanini, vijenzi viwili vya protini, unaoifanya isikatikekatike kirahisi. Fungu la kutandaza halipatikani. Juu ya hayo, seli hizo hupunguza meza yenyewe, molekuli za HLA, pamoja na vishikizo ambavyo seli T hutumia kujishikiza. Malaria nayo huudhoofisha upande wa pili: watoto wa miaka 5 hadi 9 wa Kisumu, Kenya, walipolinganishwa na wa Nandi, ambako malaria ni kidogo, seli T zao zilionekana kuitikia kidogo zaidi virusi hivyo.

Tuambie, dawa ya chupa inaongeza nini hapo? Kuzidisha askari wasioona hakusaidii, na kuchochea seli B ndiko kulikoleta balaa.

Zipo dawa halisi za kinga, zile zinazoachia breki za seli T, kama ile iitwayo PD-1, zilizotokana na utafiti uliowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Hazijazi pipa. Husaidia pale uvimbe unapowakanyagia askari breki, kama kwenye baadhi ya saratani za ngozi na mapafu, na si tiba ya kawaida ya Burkitt.

Burkitt inatibika kwa siklofosfamidi pamoja na dawa nyingine za kemo, ikiwahiwa. Hatari ya siku za kwanza ni kwamba seli hufa kwa mkupuo na kumwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki kwenye damu. Figo huziba, moyo huyumba. Kwa hiyo mtoto hutundikiwa dripu nyingi zisizo na potasiamu na kupewa alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, kabla ya dozi ya kwanza, kisha mkojo hupimwa kila baada ya saa chache. Mzazi akificha kuwa mtoto anakunywa dawa ya mitishamba, daktari hukosa kujua kinachoiumiza figo.

Mhariri, kabla dawati lako la matangazo halijapokea tangazo jingine la aina hiyo, liulize jambo moja: inaongeza seli gani, na seli hiyo itautambuaje uvimbe?

Wazazi nao wasingoje. Jino la mtoto likilegea bila kuoza, taya likavimba upande mmoja au jicho likasukumwa nje, asiishie kung'olewa jino na kurudishwa nyumbani. Apelekwe hospitali inayoweza kuchukua kinyama cha uvimbe na kukipima, wiki hiyohiyo.

Wasomaji wenu,
Mwanza