Tusiziite zote "filamu za ngumi"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie namna kurasa zako za burudani zinavyozitaja filamu na tamthilia za Kichina. Kwa muda mrefu nimeona kwamba kazi yoyote inayotoka China, Hong Kong au Taiwan huwekwa chini ya kichwa kimoja cha "filamu za ngumi", na mara nyingine "filamu za karate", ingawa karate asili yake ni Okinawa, nchini Japani. Anayetafuta kisa cha ndoa, cha upelelezi au cha historia hana namna ya kujua kwamba nacho kimo humo, na mpenzi wa ngumi hujikuta mbele ya Zhen Huan Zhuan, tamthilia ya mwaka 2011 yenye sehemu 76 kuhusu wake wa mfalme, ambao silaha zao ni maneno, sumu na subira.

Hata hizo za mapigano si za aina moja. Filamu za kung fu zilizotoka kwa wingi Hong Kong katika miaka ya 1970, Bruce Lee alipovuma, humweka mbele mtu wa ngumi na mateke, chuo chake cha mazoezi na heshima ya mwalimu wake. Wuxia ni kitu kingine. Humo shujaa hubeba upanga, huishi katika zama za wafalme, na hutembea katika ulimwengu uitwao jianghu, yaani "mito na maziwa", ambamo kiapo cha udugu na deni la kisasi vina nguvu kuliko amri ya serikali. Akiruka juu ya mapaa, mtazamaji aliyekulia katika hadithi hizo haoni ajabu yoyote. Nawe, Mhariri, utapenda kujua kwamba sehemu kubwa ya utanzu huu ililelewa na magazeti. Jin Yong, aliyeanza kuandika riwaya zake mwaka 1955, alizitoa gazetini kipande kwa kipande, na mwaka 1959 alishiriki kuanzisha gazeti la Ming Pao huko Hong Kong, ambalo wengi walilinunua ili wajue hadithi imefika wapi. Riwaya hizo zimegeuzwa tamthilia mara nyingi mno, na kila kizazi kina waigizaji wake.

Tamthilia za nyumbani ndizo ninazozihurumia zaidi kwa kusahauliwa. Mwaka 1990 televisheni za China zilionyesha Kewang, yenye sehemu 50, iliyopigwa karibu yote ndani ya studio, kuhusu mfanyakazi wa kiwanda, Liu Huifang, anayemlea mtoto aliyetupwa huku ndoa yake ikiyumba. Hamna hata teke moja, lakini taifa zima liliifuatilia. Upande wa polisi na majambazi, Wu Jian Dao ya Hong Kong ya mwaka 2002 ilikuwa na nguvu kiasi kwamba Hollywood iliitengeneza upya, na toleo hilo la Marekani likapata Oscar ya filamu bora. Sinema ya sayansi ya kubuni nayo imekua sana tangu 2019.

Neno "Kichina" lenyewe pia linaficha mengi. Filamu za Hong Kong kwa kawaida huzungumza Kikantoni, za Beijing Kimandarini, na Taiwan ina Kihokkien chake, na mzungumzaji wa lugha moja anaweza asielewe nyingine kabisa. Katika Beiqing Chengshi ya mwongozaji Hou Hsiao-hsien, iliyopata tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 1989, mwigizaji Tony Leung wa Hong Kong hakuweza kusema lugha ya watu wa Taiwan, hivyo akapewa nafasi ya mpiga picha kiziwi asiyesema, anayezungumza kwa kuandika kwenye karatasi. Kimya hicho kimekuwa moyo wa filamu ile, inayohusu Taiwan ya miaka ambayo wengi walinyamazishwa kwa bunduki. Sauti za lugha nyingine zikipachikwa juu ya filamu kama hiyo, mtazamaji hatajua kwamba ndugu wa familia moja, askari na wafanyabiashara walikuwa wakisemezana kwa lugha tofauti, na kwamba kutoelewana huko ni sehemu ya kisa.

Sisemi kwamba kutia sauti za Kiswahili ni kosa. Tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, iliyoonyeshwa TBC kwa Kiswahili mwaka 2011, ilipendwa kwa sababu mabishano ya ukweni yalisikika kwa lugha ya ukweni, na waliotia sauti wanastahili kutajwa majina kama waigizaji wengine.

Ninachoomba ni kwamba kila filamu au tamthilia inapotangazwa katika kurasa zako itajwe ni ya aina gani, ilitengenezwa kwa lugha gani, na kama ina sauti za Kiswahili au maandishi chini ya picha. Nafasi ikiwa finyu, lugha itajwe kwanza, kwa kuwa aina ya kisa mtazamaji ataitambua ndani ya dakika kumi, lakini lugha iliyofunikwa na sauti nyingine hataisikia hata filamu ikiisha.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi