Mbavu hazina jibu, angalieni nyonga

Mhariri,

Jumapili mlitoa makala ya mifupa ya watu wa kale mkasema eti mwanaume anajulikana kwa kupungukiwa ubavu mmoja. Jamani! Mbavu ni 24 kwa wote, baba na mama, jipapaseni wenyewe mhesabu.

Kinachoangaliwa kwanza ni nyonga. Ya mwanamke ni pana maana kichwa cha mtoto lazima kipite, na pale mbele kwa chini mifupa miwili inapokutana inaacha pembe kubwa, tanua kidole gumba na cha shahada utaiona, ya mwanaume ni nyembamba kama cha shahada na cha kati ukivipanua. Fuvu nalo linasaidia, ile nundu nyuma ya sikio kwa wanaume mara nyingi ni kubwa, ila ukilitegemea fuvu peke yake unaweza kuumbuka. Na mifupa ya watoto ndo shida kabisa.

Kule Birka, Sweden, kuna kaburi la Viking, wale mabaharia wapiganaji wa kale wa Ulaya Kaskazini, lilifukuliwa 1878, ndani upanga, shoka, mishale, farasi wawili, basi wakaandika mwanaume, shujaa, ikapita zaidi ya miaka mia. Wataalamu wa mifupa walipoangalia nyonga wakasema huyu mwanamke, wakabishiwa weee, mpaka 2017 DNA ikatoka: mwanamke kweli.

Sahihisheni basi toleo lijalo, mwanangu wa darasa la sita keshaikata ile makala na kuibandika ukutani.

Msomaji wenu, Morogoro