Mkihesabu kura, hesabuni na gharama yake

Wete, Pemba

Sahibu yangu,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako imenifika, na nimefurahi kusikia kuwa vijana wa baraza lenu wanaandika jadweli ya wawakilishi na wabunge, kila mmoja na kura zake, ili watu wajue nani anasimama na jimbo na nani anasimama na chama. Naitaka kazi hii imalizike. Ila kwa namna ulivyonieleza mnavyoipanga, itatoka sura moja kila ukurasa: huyu ndiyo, ndiyo, ndiyo, yule hapana, hapana, hapana. Mtakuwa mmepima utiifu kwa chama, na huo kila mtu anaujua bila ya jadweli.

Kwanza, kura nyingi hazina majina. Pale Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, Spika akiwahoji wajumbe, mikono inanyooshwa, na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya vikao, inaandika kuwa hoja imeafikiwa, basi. Nani hakunyoosha? Nani alitoka nje dakika tano kabla? Hakuna pa kusoma. Dodoma, kwenye Bunge la Muungano, ambako kila jimbo letu lina mbunge wake, bajeti hupigiwa kura kwa kuitwa majina, mmoja baada ya mmoja. Mtadhani hapo ndipo mtakapopata ukweli wa mtu. Lakini ibara ya 90 ya Katiba ya Muungano inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Mbunge wa chama kinachotawala anayesema "hapana" siku ile anakiweka rehani kiti chake mwenyewe. Kwa hiyo "ndiyo" yake haikwambii anaionaje kodi wala bei ya mafuta.

Hapa ndipo ninapotaka mkae zaidi: gharama. Kwetu mtu haingii Barazani wala Bungeni bila ya chama, na chama kikimfukuza, kiti kinakwenda nacho. Uingereza, Septemba 2019, wabunge 21 wa Conservative, chama kilichokuwa kinatawala, walipiga kura dhidi ya serikali yao katika suala la kujitoa Umoja wa Ulaya. Waziri Mkuu Boris Johnson akawatoa kwenye kundi la wabunge wa chama, na miongoni mwao alikuwamo Nicholas Soames, mjukuu wa Churchill. Lakini waliendelea kukaa Bungeni mpaka uchaguzi, wakizungumza na kupiga kura. Linganisha na Mansour Yussuf Himid, mwakilishi wa Kiembesamaki. CCM ilimfukuza Agosti 2013 kwa kwenda kinyume na msimamo wa chama, hasa katika suala la muundo wa Muungano. Uwakilishi nao ukaondoka, na Februari 2014 Kiembesamaki wakapiga kura ya kumtafuta mwengine. Waliomchagua hawakuulizwa.

Ukishalijua hilo, huwezi kuzisoma "ndiyo" mia mbili kana kwamba ni imani mia mbili. Nyengine ni imani, nyengine ni hesabu ya mtu mwenye watoto na mkopo. Wala simtetei mwoga. Nasema jadweli isiwachanganye wawili hao.

Ndiyo maana "hapana" moja yenye gharama ina uzito kuliko rundo la "ndiyo". Unakumbuka Bunge Maalum la Katiba, 2014? Rasimu ya tume ya Jaji Warioba ilikuwa na Muungano wa serikali tatu, CCM wakashikilia mbili, na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka ukumbini mwezi wa Aprili. Wajumbe walibishana kwa wiki kadhaa kura iwe ya siri au ya wazi, mwisho wakaafikiana kila mjumbe achague mwenyewe. Ubishi ule peke yake unatosha kukuonesha kuwa kila chama kilijua kura ya wazi inamfanya nini mtu wake. Zilitakiwa theluthi mbili za kila upande, Bara na Zanzibar, kwa hiyo kura ya kila Mzanzibari ilikuwa inahesabiwa kwa macho. Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, akapiga kura ya wazi na akazikataa baadhi ya ibara. Oktoba mwaka huohuo Rais wa Zanzibar, Shein, akamwondoa kwenye cheo. Leo watu wanamjua kwa mambo mengi, na mwaka 2021 akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, lakini mimi namsomea pale kwanza.

Ziko pia siku ambazo kamba ya chama ililegea, nazo mzitafute kwa bidii. Mwaka 2009 Baraza zima, CCM na CUF, lilitaka mafuta na gesi yatoke kwenye mambo ya Muungano. Januari 2010 hoja ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa ililetwa na kiongozi wa upinzani, Abubakar Khamis Bakary, na Baraza lenye wingi wa CCM likaipitisha. Julai 31 wananchi wakaikubali kwa asilimia 66.4. Mjumbe alisema nini katika vikao viwili hivyo, na akasema nini miaka mitano baadaye upepo ulipogeuka, hapo ndipo mtakapomjua vizuri.

Halafu kuna Baraza la 2016 mpaka 2020, baada ya CUF kususia uchaguzi wa marudio wa Machi 20. Majimbo yote yakawa ya CCM. Safu ya kura ya miaka hiyo ukiisoma, hupati kitu. Hapo msome michango. Msihangaike na "naunga mkono hoja mia juu ya mia", hiyo kila mtu anaifungulia mdomo. Mtazame nani alizuia shilingi ya waziri kwenye Kamati ya Matumizi, yaani alikataa fungu lake la bajeti lisipite bila ya maelezo, kwa jambo gani, na aliirudisha baada ya kupewa jibu au baada ya kukonyezwa na mnadhimu wa chama. Mwakilishi wa huku kwetu mtamjua kwa karafuu: alivyombana waziri kuhusu bei ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na malipo ya wakulima, kabla ya kunyoosha mkono kuipitisha bajeti ileile.

Kwa hiyo ongezeni safu tatu: alisema nini kabla ya kura, jambo lilikuwa na msimamo wa chama au la, na angepoteza nini. Itawachukua muda mrefu, najua, na Hansadi hazipatikani zote kwa urahisi. Lakini mkitoa jadweli nyepesi, mtu aliyejitahidi ndani ya chama chake mtamwandika sawa na aliyelala kitini, na hiyo ni dhulma.

Na jambo moja nakuomba mlidai, mkiwa na mwakilishi mbele yenu: kura ya mwisho ya kila mswada iitwe kwa majina, Chukwani kama inavyofanywa kwa bajeti Dodoma. Kura ya siri ni haki yangu mimi mpiga kura. Yeye anapiga ya kwangu, lazima niione.

Mkimaliza kurasa za mwanzo nipelekee kwa mtu wa boti nizipitie. Majina ya majimbo ya huku yahakikisheni, maana mipaka na majina yamebadilishwa zaidi ya mara moja.

Nisalimie wote nyumbani, na mama mpe salamu zangu mahsusi.

Wasalaam,
Nduguyo