Fundi wa sola aulizwe kabla ya kulipwa

Ndugu Mhariri,

Hapa Kadutu umeme ukikatika jioni, kila mtu anawaza sola. Nami niliwaza hivyo, nikampa fundi pesa yote siku moja kwa sababu alikuwa na maneno matamu. Alifunga inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, ya wati 1000 kwenye betri ya volti 12 kwa waya mwembamba kama wa taa, bila fyuzi ya kukata umeme ukizidi. Wiki ya pili plastiki ya waya ikalainika, ikanuka, na ukuta ukabaki na alama nyeusi karibu na kitanda cha watoto. Mpaka leo ipo.

Inveta hiyo ikibeba mzigo wake wote huvuta zaidi ya ampea 80 kutoka kwenye betri, mzigo ambao waya wa taa hauuwezi. Inadai waya mnene na mfupi, na fyuzi karibu na betri.

Jamani, mwambieni fundi awapeleke nyumba aliyofunga mwaka jana, muongee na mwenye nyumba peke yenu. Anayetaja bei kabla ya kuuliza mna taa ngapi na friji inawaka saa ngapi, mwacheni aende zake. Sasa mimi nalipa nusu, nyingine baada ya mwezi, kwa karatasi yenye sahihi.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu