Kwa nini lebo ya gunia inasema LT5A

Gunia limefungwa lebo LT5A na karani wa ghala anauliza ni namba gani hiyo. Ni gunia la 20,000. Tunachapa lebo za magunia ya korosho kwa wateja wa Mtwara Mjini, Newala na Tandahimba, na kila Oktoba msimu ukifunguka swali ni hilohilo.

Hesabu ya kawaida huenda kwa makumi, hivyo nafasi tatu zinaishia 999. Lebo zetu zinakwenda kwa 31. Alama ni tarakimu 0 hadi 9 na herufi 21. Tumezitoa I, O, Q, S na Z, maana lebo ikishapata vumbi hazitofautiki na 1, 0, 5 na 2. Nafasi tatu sasa zinafika gunia la 29,790, na maandishi yanabaki makubwa, yanasomeka hata gunia likiwa juu ya rundo.

Kuisoma LT5 (A ya mwisho tutaifikia): L ni 20, T ni 25 (jedwali liko kwenye kila bunda). Ya kushoto zidisha kwa 961, yaani 31 mara 31. Ya kati zidisha kwa 31. Ya kulia iache ilivyo. 19,220 + 775 + 5 = 20,000.

Hapa wengi hushangaa: inaishia na 5, na bado ni shufwa! 31 ni witiri, kwa hiyo alama ya mwisho peke yake haikuambii kitu. Jumlisha zote: 20 + 25 + 5 = 50. Jumla ikiwa shufwa, namba ni shufwa. Anayepanga marundo ya magunia 30 anapata zaidi: toa 30 kwenye 50, inabaki 20, basi hilo ni gunia la 20 katika rundo lake. Ikibaki 0, ni la mwisho. Ni ujanja uleule wa kupima namba kwa 9 tuliofundishwa shule ya msingi, ila hapa 9 imekuwa 30.

A ya mwisho ni alama ya ukaguzi. Anzia kulia: 5 × 2, 25 × 3, 20 × 4, jumla 165. Gawanya kwa 31, baki ni 10, na 10 ni A. Karani akigeuza akaandika TL5A, jumla inakuwa 170, baki 15, yaani F. Lebo inakataliwa papo hapo. Ndiyo maana B tumeibakiza ingawa inafanana na 8: 31 ni namba tasa, na kosa la alama moja haliponyoki.

Wapo wanaotuomba tuitoe E pia. Zingebaki alama 30, tungegawanya kwa 30, na G ingekuwa 15. Mtu akiandika G badala ya 0 kwenye nafasi ya tatu, 15 × 2 ni 30, baki haibadiliki, kosa linapita kimya.

Ombi lenyewe lina sababu, lakini. Gunia la 1,037 ni 12E7, na Excel ikiona 12E7 inaigeuza 1.20E+08. Vilevile 0036 inabaki 36. Chagua safu nzima, iweke Text kabla hujaanza kuingiza lebo. Ukiiweka baada ya kugeuka, lebo hairudi. Itabidi uiandike upya kutoka kwenye gunia.