KUH: SEVA MLIYOIACHA WAZI NA DHARAU TULIYOFANYIWA

Mombasa, 14 Machi 2022

Kwako Meneja Mkuu wa kampuni inayotuhifadhia data kwenye seva yake,

Salamu. Nitajitahidi kuandika kwa adabu, ingawa ofisini kwenu sikuiona.

Sera yenu ya viraka, yaani masahihisho yanayoziba matundu ya usalama katika programu, mnaijua, mliiandika wenyewe. Tundu la pkexec, programu ya mfumo wa Linux inayomwezesha mtumiaji kuendesha amri kwa mamlaka ya mwingine, lilitangazwa na kampuni ya usalama ya Qualys tarehe 25 Januari, likapewa uzito wa 7.8 kati ya 10, na siku hiyohiyo watoaji wa Linux, Red Hat, Debian na Ubuntu, wakatoa kiraka. Saa chache baadaye namna ya kulitumia ilikuwa imeshaenea mtandaoni. Nikafungua tiketi, mkajibu kwamba matengenezo hufanywa mwisho wa robo mwaka. Asiye na nafasi ya kuweka kiraka angeandika amri moja tu, chmod 0755 /usr/bin/pkexec, inayoivua programu hiyo mamlaka ya ruti, yaani msimamizi mwenye uwezo wote kwenye seva. Hata hiyo iliwashinda.

Ndipo nikaja mwenyewe. Fundi wenu akatoka na kikombe cha chai mkononi, na mbele ya wateja wengine akaniambia: "Mama, tundu hilo humsaidia mtu aliyekwisha kuingia. Kwani nyinyi mna mwizi ndani?" Wenzake wakacheka. Akamalizia: "Mwambie mtu wenu wa kompyuta atupigie." Mtu huyo wa kompyuta ni mimi.

Siku ile nilimezea, leo namjibu. Ni kweli pkexec haimfungulii mtu mlango wa nje. Lakini seva mliyotuweka ni ya pamoja, nyumba ya vyumba ambayo wapangaji hatujuani. Kila mwenye akaunti humo amekwisha kuingia! Kwa maelezo yenu wenyewe, tovuti ya mteja mwingine yenye programu-jalizi kuukuu ya WordPress, mfumo wa kuundia tovuti, ilivunjwa, mvunjaji akapata akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka yoyote. Kilichobaki kilikuwa kuiita pkexec kwa orodha tupu ya vigezo, na kwa kosa lililokuwemo tangu Mei 2009, akawa ruti. Majina ya wanachama wa Sacco yetu, nambari za vitambulisho na za simu, yote akayapata.

Na maelezo hayo mliyatoa baada ya kubanwa. Sisi tulijulishwa na mwanachama aliyepigiwa simu na tapeli, akasomewa nambari yake ya uanachama kana kwamba anaongea na karani wetu. Wiki hiyohiyo idara yenu ya hesabu ikatutumia ankara ya kulipia mwaka mwingine.

Narudi kwenye ile kaunta, maana naona hamjanielewa. Nilikuwa nimechapisha tangazo la Qualys, sehemu ya kinga nimeipigia mstari. Nikaliweka mbele ya fundi. Hakulisoma. Aliweka kikombe chake juu yake, akaniuliza kama tuna mwizi ndani, wakacheka. Tundu lilikuwa wazi wakati ule, na dawa ilikuwa chini ya kikombe.

Nilikusudia kudai ada yetu ya mwaka irudishwe, basi. Sasa haitoshi. Nataka pia kumbukumbu zote za seva tangu 25 Januari, hasa mistari inayolalamika kwamba thamani ya SHELL haikupatikana katika /etc/shells, alama ambayo shambulio la pkexec huweza kuiacha. Msiniambie hamkuiona mistari hiyo, kwa hiyo hakuna kitu. Qualys walieleza kwamba shambulio linaweza kufanyika bila kuacha alama. Data yetu ihamishiwe seva yetu peke yetu, kwa gharama yenu. Na tarehe 7 mwezi huu limetangazwa tundu jingine, Dirty Pipe, lililomo kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 5.8 na kuzibwa katika matoleo ya 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Seva yenu inaendesha toleo lipi? Au tusubiri robo mwaka tena?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iliwapa saa 48 za kutuarifu. Mlinyamaza. Nawapa siku saba, na fundi huyo aniombe radhi kwa maandishi, kwa cheo changu. Zikipita, malalamiko haya yatafika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na wakili wetu atawaandikia kuhusu fidia ya kila mwanachama. Ankara yenu hatutailipa.

Wenu,
Afisa wa Mifumo ya Kompyuta
Kwa niaba ya Sacco