Hesabu kutoka mlango hadi mlango

Mwanangu kipenzi,

Assalamu alaykum. Sisi sote wazima, alhamdulillahi, na bibi yako anakusalimia sana.

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia. Wasema Dubai hadi Nairobi ni saa tano, Nairobi hadi Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wetu wa Lamu, saa moja na kidogo, basi utatoka huko asubuhi na magharibi uko nyumbani, nikahi ya kakako kesho yake. Hesabu hiyo, mama, naijua. Mimi pia niliipiga.

Siku alipofariki babu yako nilikuwa Nairobi. Simu ilikuja alfajiri. Kwa angani Nairobi na Lamu hazizidi sana kilomita 450, nikawaambia, "Nisubirini, adhuhuri nimefika." Sikuhesabu foleni ya magari. Sikuhesabu kwamba Nairobi ina viwanja viwili, Jomo Kenyatta na Wilson, na kwa kihoro nilichokuwa nacho nikamwelekeza dereva kusiko. Ndege niliyoipata baadaye ikachelewa kuruka. Manda nako nikangoja mashua ijae watu ndipo ivuke. Nashuka gatini Lamu alasiri imeshaingia, nawaona wajomba zako wanakuja, miguu ina mchanga hadi kwenye vifundo. Nikaujua ule mchanga ni wa wapi. Mjomba wako mkubwa alinishika mkono, akasema, "Tumeshamstiri."

Na babu yako mwenyewe, aliyekwenda Arabuni na jahazi, kwa kusi akienda na kwa kaskazi akirudi, hakupata hata mara moja kututajia siku ya kufika. Alitaja msimu.

Sasa itazame tiketi yako. Imeandikwa kuondoka 10:00, kufika 14:00. Usidhani ni safari ya muda wa saa nne. Dubai imetutangulia kwa saa moja, ndipo hizo saa tano zako, na kilomita kama 3,550. Kwa hiyo unatua Jomo Kenyatta saa nane mchana. Kuna mstari wa pasipoti, kuna kungojea masanduku, kisha ndege yako ya Lamu inaondokea Wilson, na katikati yake ni barabara za Nairobi wakati watu wanatoka kazini. Ndege za huku ni za mchana, mwanangu. Ikikuacha, imekuacha hadi kesho.

Nakuomba utoke siku mbili kabla. Ulale kwa khalati yako South C, pale Wilson ni karibu, na asubuhi upande ile ya kwanza. Mizigo uipime mapema: ndege ndogo nyingi hazikubali zaidi ya kilo 15, na najua umewanunulia watu wote zawadi. Nyingine muachie khalati, atatuma kwa basi hadi Mokowe.

Ukitua Manda usingoje mashua ya abiria. Kakako atakuja kukuchukua mwenyewe, na mimi nitakuwa gatini.

Mamako,
Lamu